Cheni ya Seiko 5 ya marehemu baba imelegea: nikate pingili au nibadilishe?

"Shikamoo fundi. Nina Seiko 5 aliyoniachia marehemu baba. Aliinunua miaka ya 80 akiwa anafanya kazi bandarini Mtwara, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona bila saa hiyo. Yenyewe inatembea vizuri, ila cheni imelegea mno. Inazunguka mkononi mpaka kioo kinaangalia chini, na inaning'oa vinyweleo. Mimi nipo Lindi, kazi yangu ni kwenye mashamba ya chumvi. Fundi mmoja wa sokoni kaniambia chuma kimetanuka kwa joto la huku kwetu, atoe pingili 2 yaishe. Mwingine anataka nimwachie cheni ya zamani, anifungie mpya inayong'aa, niongeze hela kidogo. Alipoijaribu haikuingia, akasema ataipiga tupa saa kidogo kwenye zile pembe. Binamu yangu wa Dar anasema nitupe cheni niweke mkanda wa ngozi. Halafu siku hizi mkono unaniwasha pale saa inapokaa. Nifanyeje? Sitaki kuiharibu saa ya mzee."

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kabla sijaenda mbali, nakuomba usiruhusu tupa iguse saa hiyo. Cheni ikiharibika hutafutwa nyingine. Pembe za saa, yaani zile ncha nne zinazoshika cheni, zikishapigwa tupa, chuma kilichotoka hakirudi tena, na kila cheni utakayoifunga baada ya hapo itacheza. Naona umeshaambiwa mengi na watu watatu, na kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, lakini hakuna aliyekueleza cheni imelegea kwa nini. Tuanzie hapo.

Hilo la joto liweke kando kabisa. Chuma hutanuka kikipata joto, ni kweli, ila kwa kiasi kidogo sana. Cheni yenye urefu wa sentimita 16 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa takribani 0.05 ya milimita, jambo ambalo mkono wako hauwezi kulihisi, na ikipoa inarudi ilivyokuwa. Jua la Lindi na Mtwara halijawahi kulegeza cheni ya mtu.

Kilichotokea ni kuliwa. Cheni ni pingili nyingi zilizoshikana, na kila zinaposhikana pana kiungo kinachojikunja unapotembeza mkono. Seiko 5 nyingi za miaka hiyo zilitoka na pingili za bati la chuma lililokunjwa, ndani zina uwazi. Ndiyo maana cheni ya asili ni nyepesi na inatoa mlio mwembamba ukiitikisa. Katika kila kiungo chuma kinasuguana na chuma. Kingekuwa kisafi kingedumu sana, lakini mkononi hakibaki kisafi. Jasho linaingia, ngozi iliyokufa inaingia, vumbi linaingia, vinachanganyika kuwa tope jeusi ambalo linasaga chuma mchana kutwa. Saa zinazotoka Newala na Tandahimba huwa na vumbi jekundu la kule juu. Za wabanguaji korosho zina mafuta ya ganda, yale yanayounguza ngozi, nayo yananata na kukamata kila uchafu unaopita. Yako itakuwa na chumvi.

Ukiitoa pini ya cheni ya namna hii ukaiweka kwenye karatasi nyeupe, utaona kwa macho yako. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa ina viuno, kimoja kwa kila mahali pingili ilipokuwa ikiisugua, na ukipitisha ukucha unakwama kwenye kila kiuno. Tundu la pingili nalo lilikuwa duara, sasa limekuwa umbo la yai, na kwenye karatasi linaacha unga wa kahawia. Ni kama bawaba ya mlango iliyoliwa: mlango haukurefuka, ila unaning'inia. Kiungo kimoja kikipoteza 0.2 ya milimita, hutaona kitu. Viungo 20 vikipoteza kiasi hicho hicho kila kimoja, umeshapata milimita 4, na hapo ndipo saa inapoanza kugeuka mkononi.

Chumvi ina kosa la pili ambalo vumbi halina. Tunaita chuma cha saa kuwa hakishiki kutu, lakini kinachokilinda ni utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe juu yake kwa sababu ya kromu iliyomo, na utando huo unahitaji hewa. Chumvi inautoboa, hasa kule ndani ya viungo ambako uchafu umeziba na hewa haifiki. Matokeo yake ni vishimo vidogo vidogo na doa la kahawia kwenye kingo za pingili. Pini ndizo huumia zaidi, maana mara nyingi zimetengenezwa kwa chuma duni kuliko pingili zenyewe. Kwa mtu anayeshinda kwenye mashamba ya chumvi hili ni la kila siku, kwa hiyo hata utakapokuwa na cheni mpya kabisa, nitakuambia uivue unapoingia kazini.

Sasa lile la kutoa pingili 2. Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya: cheni kuwa ndefu, na cheni kuwa legevu. Kama mkono wako ni mwembamba kuliko wa mzee, kutoa pingili ni halali, ndiyo kazi yake, na ukiongezeka mwili unazirudisha. Lakini kutoa pingili hakukazi viungo vilivyobaki. Cheni itakuwa fupi na itaendelea kuning'inia, itaendelea kukata vinyweleo, na pini zilizokwisha nyembamba zitaendelea kubeba uzito wa saa. Siku moja kiungo kinaachia ukiwa na koleo mkononi, na saa inaingia kwenye maji ya chumvi. Saa za umri ule, hata zilizoandikwa nyuma kwamba zinahimili maji, mipira yake ya kuzuia maji imeshakakamaa. Usiitegemee.

Jipime mwenyewe leo jioni. Shika bodi ya saa kwa vidole viwili, uigeuze isimame kwa ubavu wake, kioo kikiangalia ukutani, na cheni iliyofunguliwa itokeze kando kwa ubavu wake pia. Cheni isiyoliwa hubaki karibu imenyooka, inashuka kidogo tu mwishoni. Iliyoliwa huanguka kwa upinde. Ikiinama kidogo, bado ina maisha. Ikiinama mpaka ncha inaangalia sakafu, imekwisha, usiivae nje ya nyumba. Kisha chukua simu, fungua kamera, kuza sehemu ya viungo vilivyo karibu na loki, kwa sababu hapo ndipo cheni hukatika mara nyingi. Bati lenye ufa utaliona hapo.

Kwa maelezo yako, saa kugeuka mpaka kioo kiko chini, naamini ya kwako imefika kwenye hali hiyo ya pili. Basi tuangalie njia zilizopo.

Kuitengeneza hiyo hiyo inawezekana kwa sehemu. Pini zikiwa za kutolewa, fundi anaweza kuweka mpya zenye unene kidogo zaidi na ulegevu ukapungua. Lakini kwenye pingili za bati lililokunjwa, mara nyingi kilichokwisha ni bati lenyewe. Wapo wanaolibana kwa plaizi pingili moja moja. Cheni inakaza kwa muda, ukaridhika, ila bati lililokunjwa mara ya pili mahali lilipokwisha kuwa jembamba hupasuka. Mimi sifanyi hivyo kwa cheni ambayo mtu anaipenda. Ziko karakana huko nje, hasa Ulaya, zinazojaza matundu upya na kulehemu kwa leza, lakini gharama yake ina maana kwa saa kama Rolex yenye cheni ya Jubilee, ile iliyotoka na saa yao iitwayo Datejust mwaka 1945, ambayo viungo vyake vidogo vidogo vinajulikana kwa kulegea. Kwa Seiko 5, ukarabati huo utaizidi bei saa yenyewe.

Njia ya pili ni kutafuta cheni ya asili ya aina yake. Hii ndiyo ninayoipenda kwa saa ya urithi, na nikueleze sababu. Seiko walipoanza kuuza Seiko 5 mwaka 1963, ile 5 ilisimama kwa mambo matano: saa kujijaza yenyewe mkononi, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kitufe kilichozama upande wa namba 4, na bodi na cheni imara. Unaona? Cheni ilikuwa mojawapo ya ahadi. Ilichorwa pamoja na saa, na kile kipande cha mwisho kinachokumbatia bodi kilikatwa kwa mkunjo wa saa hiyo na si nyingine. Ndiyo maana cheni ya asili hukaa bila kuacha mwanya, na ya dukani huacha.

Ili uitafute lazima ujue saa yako. Geuza nyuma ya bodi. Utaona namba mbili zenye tarakimu nne nne zilizotenganishwa kwa kistari. Ya kwanza ni ya mashine, kwa mfano 7009, ambayo imejaa sana mikononi mwa watu huku kwetu, na ya pili ni ya umbo la bodi. Hiyo ya pili ndiyo ya kumpa muuza cheni. Ipo pia namba ndefu ya mfululizo: tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi. Kama mzee alinunua miaka ya 80 na namba inaanza na 2, basi ni 1982. Halafu fungua loki ya cheni uangalie ndani, na uchungulie chini ya vile vipande vya mwisho, kwa kuwa mara nyingi pana namba imepigwa. Ukikuta neno Stelux usidhani umeuziwa bandia, hao ndio waliotengeneza cheni nyingi za Seiko zama zile.

Tatizo la cheni ya asili iliyotumika ni kwamba nayo ilivaliwa. Utamlipa mtu wa Kariakoo, itakuja na basi, na ukiifungua inaning'inia kuliko ya mzee. Kabla hujatuma pesa, mwombe picha ya cheni ikiwa imeshikwa kwa ubavu kama nilivyokueleza hapo juu, na picha ya namba. Anayekataa kupiga picha ya ubavu anajua kwa nini anakataa.

Ya tatu ni cheni mpya ya kawaida. Siidharau. Msimu wa korosho pesa zikianza kuingia, nafunga nyingi, na watu wanavaa miaka bila shida. Lakini chagua kwa akili. Chukua yenye ncha iliyonyooka, kwa kuwa haijifanyi kukumbatia bodi isiyoijua, na mwanya wake ni wa wazi na sawa pande zote. Epuka ile ya shaba au bati lililopakwa rangi ya fedha. Itang'aa dukani, na rangi itabanduka kwa jasho la pwani. Epuka pia cheni nene nzito ya kisasa kwa saa ndogo nyepesi kama hiyo. Chuma chake kigumu husugua pembe za ndani kila unapokunja mkono, na pembe ndizo tunazozilinda.

Hapa turudi kwa yule mwenye tupa. Cheni yake haikuingia kwa sababu ya vipimo tu. Nafasi kati ya pembe za Seiko 5 za zamani mara nyingi ni milimita 18 au 19, na hiyo ya 19 ndiyo inayoleta fujo, kwani sokoni zimejaa za 18 na 20. Ukiweka ya 18, inacheza kushoto na kulia na kula pini. Ukilazimisha ya 20, lazima kitu kipunguzwe. Kikilazimu kupunguzwa, basi ipunguzwe ncha ya cheni, nusu milimita kila upande, kamwe isiwe saa. Pima nafasi hiyo kwa vernia, kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, na kama huna, mtu yeyote wa karakana ya vyuma hapo Lindi anayo. Rula ya shuleni itakudanganya.

Na usikubali kumwachia cheni ya zamani. Hata iwe imekatika, ile ni sehemu ya saa. Siku ikipatikana nyingine iliyochakaa mahali tofauti, fundi anaweza kuchagua pingili nzima za hizi mbili na kupata moja nzuri. Nisikudanganye kwamba utatajirika: Seiko 5 za namna hii zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ni ya kadiri. Lakini anayejua saa atailipia zaidi ikiwa na cheni yake, na zaidi ya hapo, loki ile imebonyezwa na kidole cha baba yako kila asubuhi.

Binamu yako wa Dar naye nimjibu. Mkanda wa ngozi ni mzuri kwa mtu wa ofisini mwenye kiyoyozi. Kwa jasho la huku unalowa, haukauki vizuri, unaanza kunuka, na nyuzi zinaoza. Kwa kazi yako haufai. Ukitaka mkanda, chukua wa nailoni wa kipande kimoja, ule unaopita chini ya saa kutoka pini moja hadi nyingine. Unafuliwa kwa sabuni, unakauka upesi, na una faida moja ambayo cheni haina: pini moja ikichomoka, saa inabaki imeshikwa na ya pili. Huo ndio ningekufungia leo, wakati unatafuta cheni ya asili bila haraka.

Kuhusu pini zinazoshika cheni kwenye bodi, zile zenye springi ndani, sina mjadala. Zibadilishwe zote mbili kila unapobadilisha cheni au mkanda. Ni vitu vya bei ndogo na ndivyo vinavyoamua kama saa itabaki mkononi. Springi iliyoshika kutu inaonekana nzima, ila ncha yake haisukumi tena mpaka mwisho wa tundu. Ukishafunga, vuta cheni kwa nguvu ya kawaida pande zote mbili, kisha sikiliza kama kuna mlio wa kukwaruza. Unene nao uendane na tundu. Zipo za milimita 1.5 na za 1.8, na nyembamba ikiwekwa kwenye tundu kubwa la ncha ya cheni huanza upya ule usagaji wote niliouelezea.

Mkono kuwasha kunaweza kuwa uchafu tu. Vua cheni kutoka kwenye bodi kwanza, bodi isilowe kabisa. Loweka cheni kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua kila kiungo kwa mswaki wa zamani ukiwa unaikunja na kuikunjua, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, kisha ipanguse na kuianika kivulini hadi ikauke ndani. Maji yatakuwa meusi, usishtuke. Usitumie Jik, klorini yake inakula chuma kama chumvi inavyokula. Ukishaisafisha unaweza kuona imelegea zaidi kuliko mwanzo. Hukuiharibu, ni lile tope lililokuwa limejaza nafasi. Kaa bila saa wiki moja. Ngozi ikitulia na kurudi kuwasha unapovaa cheni peke yake, huenda mwili wako unaikataa nikeli, madini yaliyochanganywa kwenye chuma hicho, na hapo mkanda wa nailoni utakufaa zaidi. Ikiwa pana vipele vinavyotoa maji au ngozi imepasuka, nenda zahanati. Kidonda na maji ya chumvi havipatani, na hilo si la fundi saa.

Mengine unaweza kuyafanya mwenyewe, ila kutoa pini za cheni ya zamani usijaribu kwa msumari na nyundo nyumbani. Ndani ya pingili pana mshale unaoonyesha pini inatokea upande gani, na baadhi ya cheni zina kijibomba kidogo ndani ya pingili kinachoikamata pini. Kikidondoka bila kukiona, pini haitashika tena. Mpelekee fundi anayepima kabla ya kutaja bei, anayefanya kazi ukiwa umekaa mbele yake, na anayekurudishia kila pingili aliyoitoa. Akitaka kukung'arishia bodi bure, mkatalie kwa heshima. Mashine ya kung'arisha inaondoa chuma na kuzungusha kingo zilizokuwa kali. Na ukikuta tundu za pini kwenye pembe zenyewe zimekuwa pana, au pini inatoka kila mara ingawa ni mpya, acha kuivaa kabisa mpaka aione mtu anayejua.

Ukishuka Mtwara, njoo na saa, cheni ya zamani hata ikiwa vipande, na pingili zozote ambazo mzee alizitoa zamani. Tafuta kwenye droo zake na kwenye makopo ya vifungo, wazee hawakuwa wanatupa. Usipoweza kuja, piga picha tatu: nyuma ya bodi, ndani ya loki, na chini ya kipande cha mwisho. Kwa hizo tatu mtu yeyote anayeuza cheni za Seiko atajua cha kukutafutia.